Mti Uliomhamisha Guka

Guka huniita bibi yangu. Mimi ndiye msichana wa kwanza wa mwanawe, nikapewa jina la shosho, na kwa hesabu za kwetu hilo linanifanya mke wake mdogo. Hana haya kunitangaza hivyo mbele ya wauguzi. Mwaka jana alikuja Nairobi kupimwa macho. Tukafika kliniki saa mbili asubuhi, tukaambiwa daktari anaingia saa nane. Kumkalisha mzee wa zaidi ya miaka 80 kwenye kiti cha plastiki saa sita nzima ni dhambi, kwa hivyo nikamwuliza anataka kuona nini hapa Nairobi. Nilidhani atasema KICC, ama Bunge. Wazee hupenda Bunge. Akasema, "Nipeleke mahali nitakaa chini ya mti."

Arboretum, basi.

Kama wewe ni mtu wa Nairobi, Arboretum unaijua. Umeenda deti huko, ama umeenda kupiga picha za mahafali, ama umepita tu ukasikia watu wa maombi wakifunga na kufungua mbingu chini ya mkaratusi saa nne asubuhi, siku ya kazi. Tumbili wamewahi kukuibia ndizi. Mimi nimeenda huko labda mara ishirini na sikuwahi kusoma kibao hata kimoja kwenye mti. Miti ilikuwa pale kwa ajili ya picha kutokea vizuri.

Guka alianza na vibao. Macho yake yana ukungu wa mtoto wa jicho, haoni herufi, kwa hivyo akawa anaweka kiganja kwenye gome kwanza, ananusa, kisha ananiambia, "Soma." Nikawa nasoma majina ya Kilatini kama padri asiyejua anachosema. Huu wa Australia. Huu wa India. Huu wa Brazili. Huu wa Madagaska. Tulikuwa hatujatembea hata mita mia na tayari tumezunguka dunia, naye akasimama, akaegemea bakora, akauliza swali ambalo mimi kwa mara zangu ishirini sikuwahi kujiuliza: "Nani alileta hawa wote hapa, na alikuwa anataka nini?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nililitafuta baadaye, na jibu lenyewe ni treni.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa kwenye kinamasi kilichokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, ikafika ziwani mwaka 1901. Hiyo sehemu tulifundishwa shule, pamoja na simba wa Tsavo. Tusichofundishwa ni kwamba injini za mvuke zilikuwa zinakula kuni. Kila siku, kwenda na kurudi, kupanda Limuru na kushuka bondeni, kuni. Miti ya kwetu ilikuwa mingi kando ya reli, lakini miti ya kwetu haina haraka. Mtarakwa hauna haraka. Muhugu, huu wa Karura ambao Wakamba walikuja kuuchongea vinyago, hauna haraka kabisa. Ukikata mtarakwa leo, atakayekata mwingine mahali hapo ni mjukuu wa mjukuu wako. Reli haikuwa na muda wa kungoja wajukuu.

Mwaka 1907 ofisa wa misitu aliyeitwa Battiscombe akaanzisha shamba la majaribio kilimani, ng'ambo kidogo ya mji. Wazo lilikuwa rahisi: leta mbegu kutoka kila pembe, panda, ngoja, uone ni mti gani utakimbia. Ndiyo Arboretum hiyo. Si bustani ya kupumzikia, hapana. Ilikuwa chumba cha mtihani. Miti iliyopita mtihani ingeenda kupandwa kwa maelfu ya ekari huko mashambani, iliyofeli ingebaki hapo kama kumbukumbu. Mwaka huohuo wa 1907, hapo jirani kabisa, ilijengwa nyumba ya gavana, ambayo leo ni Ikulu. Kwa hivyo koloni lilijenga kiti chake na ghala lake la kuni kwa mwaka mmoja, mtaa mmoja. Nikishuka kwenye matatu siku hizi na kutembea State House Road, siwezi kuacha kuliwaza hilo.

Mwaka 1932 mahali hapo pakatangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi. Ni kama hekta 30, na aina za miti ni zaidi ya 300. Wakati huo matokeo ya mtihani yalikuwa yameshajulikana. Waliopita ni mkaratusi wa Australia, muwati wa hukohuko Australia ambao gome lake linalainisha ngozi, misonobari ya Meksiko na California, na saiprasi.

Saiprasi ndiyo habari yenyewe, kwa hivyo nivumilie kidogo.

Jina lake la kitaalamu ni Cupressus lusitanica. Lusitania ni jina la kale la Ureno. Ukisoma hivyo utadhani mti ni wa Mreno. Wareno wenyewe walikuwa wanaupanda kwenye msitu wao wa Buçaco, na waliuita mwerezi wa Goa, wakiamini kwamba ulitoka India kwenye koloni lao. Mwaka 1768 Mwingereza Philip Miller akauandika kitabuni kwa jina hilo la Lusitania. Wote walikosea. Mti ni wa Meksiko na nchi za jirani yake kama Guatemala. Yaani uliwekwa uraia wa nchi ambayo ilikuwa inaukaribisha tu, ikasemekana umezaliwa Goa, na kwao hakuna aliyekuuliza. Nairobi ya mwanzo ilijaa makarani Wagoa wa reli, na napenda kuwaza mmoja wao akipita chini ya saiprasi hizi bila kujua kwamba kuna watu huko Ulaya wanaoamini ni ndugu yake.

Hapa kwetu ulipata makosa yake mapya. Kwa kuwa unafanana na mtarakwa, watu wengi wakauita mtarakwa vilevile. Baba yangu hadi leo anauita hivyo. Mtarakwa wenyewe, ule wa asili, ulikuwa unakatwa na kusafirishwa nje kutengeneza penseli, na mgeni akakalia kiti na jina lake.

Sasa, mti ukipita mtihani lazima mtu aupande. Ekari elfu na elfu, kwenye milima yenye baridi. Utamlipa nani, na utamlipa nini? Waingereza walikuwa na jibu walilolitoa Burma, na mwaka 1910 wakalileta hapa. Sisi tunaliita mfumo wa shamba, na nadhani ndiyo mara pekee neno letu la Kiswahili limeingia kwenye vitabu vya misitu vya dunia nzima likabaki hivyohivyo.

Mfumo ulikuwa hivi. Familia isiyo na ardhi inaruhusiwa kuishi msituni. Inapewa kipande cha kichaka. Inakifyeka, inang'oa visiki, inalima viazi, mahindi, maharagwe. Udongo wa msitu ni mtamu, mwaka wa kwanza unavuna mpaka unasahau shida. Halafu idara inaleta miche, nawe unaipanda katikati ya mahindi yako, mistari iliyonyooka. Unaipalilia pamoja na chakula chako. Mwaka wa pili inafika kiunoni. Mwaka wa tatu kivuli kinaanza kuua maharagwe. Kivuli kikifunga, umemaliza. Unapewa kichaka kingine unaanza upya.

Umeona ujanja wake? Kadiri unavyopalilia vizuri ndivyo unavyofukuzwa mapema.

Guka alizaliwa humo ndani, upande wa Elburgon, mapema miaka ya 1940, baba yake akiwa tayari kibarua wa msitu. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, Wakikuyu wa Bonde la Ufa walirudishwa kwa maelfu "kwao." Yeye akarudishwa Kiambu, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Walivumilia miaka kadhaa, wakarudi msituni mambo yalipotulia, wakaanza tena kufyeka. Uhuru ulipokuja bendera ilibadilishwa na nyapara akabadilishwa. Mfumo ulibaki.

Haya yote nilikuwa nayajua juujuu, jinsi unavyojua hadithi za nyumbani, kama wimbo wa nyuma wa redio. Siku hiyo Arboretum tulifika kwenye mti mmoja, gome la kahawia-kijivu limechanika mistari mirefu, na kabla sijasoma kibao guka akaweka kiganja, akakiacha hapo. Akachuma kitawi kidogo, akakisugua kati ya vidole, akanusa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na mdaiwa mjini, "Huyu namjua."

Nikasoma. Cupressus lusitanica. Meksiko.

"Meksiko ni wapi?"

Nikafungua ramani kwenye simu, nikavuta mpaka dunia nzima ikaingia kwenye kioo. Nikamwonyesha hapa tulipo, halafu nikapeleka kidole juu ya Afrika, juu ya bahari yote, mpaka kule. Alifuata kidole changu zaidi ya picha.

"Mbali," akasema. "Na watu wa kule wanajua iko huku?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakaa kwenye mzizi, akanipa bakora nimshikie, akasema, "Wambui yuko chini ya huyu."

"Wambui gani, guka?"

"Dada ya baba yako."

Baba yangu ndiye mtoto wa kwanza wa guka. Hivyo ndivyo nilivyojua miaka 28.

Wambui alikuwa wa kwanza. Alipewa jina la mama yake guka, inavyotakiwa. Alikufa kwa surua mwaka 1968, ana miezi minane. Mtu wa msituni hana shamba la kuzikia, ana kipande cha kulima tu, kwa hivyo walimzika pembeni mwa kipande walichokuwa nacho, karibu na mtaro, wakaweka mawe matatu. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya kipande hicho kupandwa saiprasi. Guka alikuwa ndiye mpandaji, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alipofika pale kwenye mawe aliupinda mstari kidogo, hatua moja na nusu, ili mche usiangukie juu ya mtoto. Nyapara akapita jioni, akaona mstari umekunjika. Miti ya mbao inapandwa kwa kamba. Akamwambia ang'oe safu nzima airudie, na kamba ikapita palepale.

"Ulimwambia kuna kaburi?"

"Ningemwambia angesema nani alituruhusu kuzika."

Kwa hivyo alichimba shimo la mche yeye mwenyewe, lisiwe refu sana, akapanda. Mti wa nane kutoka mtaroni, safu ya pili. Alinitajia namba hizo bila kutafuta, kama mtu anayetaja namba yake ya kitambulisho.

Mwaka 1987 mfumo wa shamba ulipigwa marufuku na wakaazi wa msituni wakaambiwa watoke. Kufikia mwaka uliofuata vijiji vya ndani vilikuwa vimekwisha. Yeye na shosho walitoka na mabati, ng'ombe mmoja na watoto watano, wakakodi chumba kwenye senta ya karibu. Saiprasi ya mbao hukatwa ikikaribia miaka 30. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akasikia kwamba upande ule unakatwa, akaazima baiskeli, akaenda. Alikuta visiki, matawi na alama za trekta. Mtaro ulikuwa umefukiwa. Alihesabu kutoka pale alipodhani mtaro ulikuwa, akahesabu tena, akarudi nyumbani. Mbao, alisema, zilikuwa nzuri. Zilipakiwa lori zikaletwa Nairobi.

Hapa lazima niseme jambo linalonisumbua. Mimi ni mtoto wa Wangari Maathai, kimawazo. Ananipa fahari. Nilikuwa msichana mdogo alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2004, na najua habari ya miche saba ya Kamukunji mwaka 1977 na ya Karura 1999 kwa moyo. Na Maathai aliuchukia mfumo wa shamba. Alisema, hata akiwa ndani ya serikali, kwamba shamba la saiprasi na misonobari si msitu, ni mazao. Kwamba miti ya asili inalala na maji, inafuga ndege na nyuki na vichaka, ilhali safu za mti mmoja wa kigeni hazifugi chochote. Kwamba wakulima wakiingia mlango unafunguka, na msitu wa asili unaliwa kidogokidogo. Deputi Rais alipozungumzia kuurudisha mfumo huo Septemba 2022, kelele zilizofuata zilitumia hoja zake, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga hizo kelele. Nilipachika hadi picha yake.

Bado naamini alikuwa sahihi kuhusu miti. Mwaka 1962 hivi ugonjwa wa majani uliwapiga misonobari ya California mpaka upandaji wake ukaachwa, na miaka ya 1990 wadudu chawa walishambulia saiprasi nchi nzima. Ukipanda mti mmoja tu, adui mmoja tu anatosha. Mwaka 2009 waziri Michuki aliamuru mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito kwa sababu inakunywa kupita kiasi, na mtu yeyote aliyelelewa karibu na chemchemi anajua alikuwa anaongea nini. Lakini kwenye hoja zote hizo, zangu zikiwemo, mtu wa shamba anatokea kama panga tu. Mharibifu. Hatokei kama mtu aliyepanda. Nusu ya mbao zilizojenga mapaa ya utoto wetu zilitoka kwa watu wasiokuwa na paa la kudumu, na mimi ni mjukuu wa mmoja wao, na nilikuwa sijaunganisha.

Kuna Wakikuyu wengine waliopanda miti kwa namna nyingine. Mwaka 1922 ofisa wa misitu kijana, Richard St. Barbe Baker, pamoja na chifu Josiah Njonjo, baba yake Charles Njonjo, walianzisha chama kilichoitwa Watu wa Miti. Baker alikuwa ameona vijana hawapandi miti lakini hawakosi ngoma, akapendekeza wafanye ngoma ya miti. Walikuja. Chama kikavuka bahari kikawa cha kimataifa. Ni hadithi nzuri na huwa inasimuliwa. Nilipomsimulia guka akauliza kama waliocheza walikuwa na mashamba. Nikasema nadhani ndiyo, walikuwa kwao. Akasema, "Basi hiyo ni ngoma."

Novemba 13, 2023 tulipewa likizo ya taifa kupanda miti, sehemu ya mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032. Nilipanda mmoja mtaani, nikapiga picha, sijui kama uliishi. Guka alisikia tangazo lile redioni akamwambia jirani yake kwamba hatimaye kazi yake imekuwa sikukuu. Hesabu yake mwenyewe ya miche aliyopanda maishani hana. Nilijaribu kumsaidia kuikadiria pale kwenye mzizi: miche mingapi kwa siku, siku ngapi kwa msimu, misimu mingapi. Tukafika mahali simu ikaonyesha namba yenye sufuri nyingi akaniambia niizime.

Saa saba na nusu nikamwambia twende, daktari atafika. Alipoinuka aliushika mti kwa mikono miwili, si kwa kuukumbatia, watu wa kizazi chake hawakumbatii miti, ni kwa kupima unene. Akasema huyu ana zaidi ya miaka 50 na ameachwa azeeke tu, bila kukatwa. Hakuwahi kumwona aliyezeeka. Kule kwao walikuwa wanakatwa wakiwa vijana. Akaokota mbegu tatu, zile duara ngumu kama gololi, akazifunga kwenye leso.

Kliniki daktari alimwambia macho yote mawili yanahitaji upasuaji, moja baada ya jingine. Muuguzi akauliza nani atamsindikiza. Akanionyesha kidole. "Bibi yangu."

Jioni, baada ya kumpandisha gari ya kurudi, nilimpigia baba. Tuliongea habari ya macho, habari ya nauli. Halafu nikamwuliza Wambui ni nani. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Nani amekuambia?"

"Guka."

"Mimi nilizaliwa baada yake," akasema. "Kulikuwa na upande fulani wa miti tulikuwa tunakatazwa kucheza. Mama alikuwa anatuambia kuna chui."